Kitita cha Vifungo vya Shaba

Jumatatu, 9 Juni

Madamu, mwenye karakana yetu ya ushonaji, ametangaza asubuhi kwamba Jumamosi atapumzika fundi mmoja tu. Makoti ishirini na manne ya bendi ya tarumbeta yanachukuliwa Jumatatu ijayo, na hataki kusikia habari ya mgonjwa, mgeni wala mwenye nyumba. Ni nani huyo mmoja, amesema tujuane wenyewe, maana yeye hakuajiriwa kutugawia nyama. Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Tuko wanne. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mkataji. Bi Pasi amekuwa akinyoosha nguo hapa tangu kabla Madamu hajalinunua jengo. Kaka Kimya hushona suruali, na kwa siku husema maneno sita, mawili yakiwa "Shikamoo, Bi." Na mimi, fundi wa kumalizia. Matundu, pindo, vifungo. Vifungo vya shaba vya makoti yale nimevishona mimi, kimoja kimoja, kwa mkono.

Kila mtu anaitaka Jumamosi. Shemeji anataka kulala. Bi Pasi anataka miguu yake ipumue. Kaka Kimya hakutoa sababu. Yangu ni nzito kuliko zote: Jumamosi saa nne mke wangu anafungua saluni. Miaka mitatu amekuwa akisuka watu sebuleni kwetu, sasa amepata chumba chenye mlango unaotazama barabara. Kioo kikubwa kinaletwa Ijumaa jioni na mtu wa kukitundika ni mimi. Nilimwahidi mbele ya mama yake. Mara ya mwisho kuahidi kitu mbele ya mama yake ilikuwa ndoa, na ile niliitimiza.

Nikapendekeza tuamue kwa karata. Bi Pasi akasema, mwanangu, ukiwa na sababu ungeomba tu, wenzako si mawe. Nikamjibu kwamba kuomba hakuna heshima. Hilo ni kweli, lakini si ukweli wote. Ukweli wote ni kwamba nina mbinu.

Masharti yamekubaliwa hivi. Tunacheza saa ya chakula, kwenye meza ya kukatia. Kila mtu karata mbili za siri. Tano nyingine zinafunuliwa mezani kwa awamu tatu, na kila awamu unaweka, unafuata, unapandisha au unatupa karata. Mwenye mpangilio bora, au atakayebaki peke yake, huchukua lundo. Badala ya fedha, vifungo. Kila mmoja amechota hamsini kutoka kopo la akiba. Kifungo cha shati ni kimoja, cha koti ni vitano, cha shaba ni kumi. Atakayekuwa na vingi Ijumaa, Jumamosi ni yake.

Mbinu nimeipata kwa binamu yangu, ambaye hucheza kwenye simu na watu asiowajua. Anasema wajinga hupigania karata nzuri. Wenye akili hupigania kitita, yaani lile lundo la katikati. Karata nzuri kwenye kitita kidogo ni sawa na ng'ombe wa maziwa aliyefungwa kwenye shamba la jirani.

Leo hatukucheza. Madamu alikula chakula chake mezani petu.

Jumanne, 10 Juni

Wafalme wanne. Nayaandika nikiwa nimetulia, na mashahidi wapo. Wawili walikuwa mkononi mwangu, wawili wakafunuliwa mezani awamu ya kwanza. Mtu anaweza kucheza karata mpaka meno yamwishe asiwaone hao wanne pamoja.

Nikaweka vifungo thelathini kwa mpigo.

Shemeji akatupa karata. Bi Pasi akatupa karata. Kaka Kimya akanitazama kidogo, akatupa karata. Kitita kilikuwa na vifungo vinne, kimoja kikiwa changu. Wafalme wanne wameniletea faida ya vifungo vitatu vya shati, kimoja kimepasuka ukingoni.

Niliomba maelezo. Shemeji akasema mtu aliyekuwa amejilaza kama gunia tangu asubuhi akikaa wima ghafla, hata mtoto anajua gunia limeingiwa na kitu. Kaka Kimya akasema, "Unahema." Akarudi kwenye suruali zake.

Nikampigia binamu. Akaniuliza kama kwetu kuku hukamatwa kwa kufukuzwa. Nikasema hapana, humwagiwa mtama. Akasema basi mwaga mtama. Ukiwa na karata nzuri, usiweke thelathini mbele ya kitita cha vinne. Weka vinne. Mmoja akifuata, lundo linakuwa kumi na viwili. Weka kumi na viwili, akifuata linakuwa thelathini na sita. Weka thelathini na sita, akifuata tayari una mia na nane, na yeye bado anadhani anaonja mchuzi. Kitita kinajizalisha mara tatu kila awamu. Kinachotakiwa ni kuanza mapema na kutoona haya.

Nilichora hesabu hiyo kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa chakavu. Shemeji akakikata kiwe mfuko.

Nyumbani mke wangu aliuliza habari ya Jumamosi. Nikamwambia jambo limo jikoni. Akasema yeye jikoni ndiko anakoishi na hajaliona.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu inafanya kazi. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumpotosha msomaji.

Nilipata makumi mawili mkononi, mezani likafunuliwa la tatu pamoja na tisa na nane. Shemeji na Kaka Kimya wakajitoa mapema. Akabaki Bi Pasi. Nikaweka vinne, kwa unyonge, kama mtu anayelipa faini. Akafuata. Nikaweka kumi na viwili. Akafuata huku akiangalia pasi yake kama imepoa. Nikaweka thelathini na sita, ndivyo vyote nilivyokuwa navyo duniani. Akafuata.

Vifungo mia moja na nane! Hatujawahi kuona lundo kama lile pale mezani. Hata Shemeji alisimama.

Bi Pasi alikuwa na sita na saba. Sita, saba, nane, tisa, kumi. Karata tano zinazofuatana huzipiga tatu zinazofanana, hilo halina mjadala. Akafungua mfuko wa aproni, akasukumia lundo ndani kwa kiganja, akasema haba na haba hujaza kibaba. Kisha akanishukuru. Alidhani namsaidia kwa sababu ya miguu yake.

Binamu, nilipomweleza, alisema kosa si la mbinu. Nilijenga nyumba nzuri, akahamia mtu mwingine. Wajenzi huzoea.

Tatizo ni kwamba sina kifungo hata cha kuanzia. Kopo la akiba lina mabaki: vishikizo vya sidiria na kifungo kimoja chenye umbo la bata. Nikaomba cha bata kipewe thamani. Wakapiga kura. Nimeshindwa kwa kura tatu kwa moja.

Saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama mbele ya makoti ya bendi, nilifikia uamuzi ufuatao. Vifungo vya shaba ni vinane kwa kila koti. Nimevishona mimi, naweza kuvitoa na naweza kuvirudisha. Koti moja la nyuma kabisa, lililojibanza ukutani, halitaonekana na mtu kabla ya Ijumaa. Vifungo vinane vya shaba ni sawa na themanini vya shati. Ni mkopo wa siku mbili kati ya mimi na koti.

Nikakata nyuzi. Nikavitia mfukoni. Vina uzito wa kuridhisha.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Pasi ameripoti asubuhi kwamba kuna koti la bendi lisilo na vifungo. Nilimwambia nalipima upya. Akasema basi nipime na mengine, kwa sababu hilo amelipiga pasi kwa nusu ya muda. Vifungo vya shaba humsumbua. Lazima azunguke kila kimoja kwa ncha ya pasi, na akiteleza tu kinaacha duara linalong'aa kwenye kitambaa. Juu ya hilo la leo pasi ilipita kama juu ya karatasi. Kuhusu kwa nini koti linapimwa kwa kuvuliwa vifungo, hakuuliza. Nadhani aliniamini.

Shemeji aliuliza nimetoa wapi shaba. Nikasema nyumbani. Akasema yeye ni ndugu wa mwenye nyumba hiyo na hajawahi kuona huko kitu cha shaba. Nikamwomba agawe karata.

Leo nimetatua tatizo la uso. Fundi yeyote hushika pini mdomoni akiwa kazini, hakuna atakayeshangaa. Nikajaza pini kumi hivi kati ya midomo. Mtu mwenye pini kumi mdomoni hatabasamu, hahemi kwa nguvu, wala hakai wima ghafla. Uso wangu ulikuwa kama ukuta wa nyuma wa ghala.

Nilishinda mizunguko miwili midogo. Mzunguko wa tatu sikuwa na kitu, karata zangu hazikujuana hata kwa jina. Nilitaka kuweka vitano vya shati nione kinachotokea. Kwa kuwa siwezi kusema, nikanyoosha vidole vitano. Shemeji akauliza, vitano vya shaba? Nikatikisa kichwa kukataa. Pini mbili zikaingia ndani, nikarudisha kichwa nyuma kuzikwepa, na kwa waliokuwa wamekaa upande wa pili hiyo ilionekana kama ndiyo.

Hamsini, bila kitu mkononi. Wote wakatupa karata. Shemeji akasema hajawahi kumwona mtu mkavu hivyo tangu nimwoe dada yake.

Naliandika hili chini ya ustadi. Bi Pasi anaongoza, mimi ni wa pili.

Jioni mke wangu alikuwa anapaka rangi fremu ya kioo. Hakugeuka. Alisema wateja wanne wameshapanga kuja Jumamosi, mama yake anakuja, na kioo hakitajitundika. Akasema kama kuna neno, niliseme leo, ili atafute mtu leo. Hatakasirika nikilisema leo. Aliirudia leo mara tatu, na mara ya tatu alisimamisha brashi.

Nikamwambia kesho saa nane mchana Jumamosi itakuwa mali yangu. Akauliza, kwa hiyo bado si yako? Nikasema ni yangu kimsingi.

Akaendelea kupaka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshinda. Shemeji, Bi Pasi na Kaka Kimya wamelithibitisha hilo mbele ya Madamu, kila mmoja kwa kinywa chake.

Madamu alitoka kwenda benki saa sita, na benki ni foleni, kwa hiyo saa ya chakula ikawa na nafasi. Tulicheza mizunguko kadhaa ya kawaida, na mingi akaichukua Shemeji. Mzunguko wa mwisho tukakubaliana kila mtu aanze kwa kifungo cha shaba au thamani yake, ili kuwe na heshima. Kitita kikaanza na arobaini.

Nilifungua karata zangu kidogo kwenye ncha. Ree mbili, karata kubwa kuliko zote.

Mezani zikafunuliwa ree na malkia wawili. Yaani ree tatu na malkia wawili, mpangilio uitwao nyumba kamili, unaozipiga tatu tupu, na samani ndani. Pini zilikuwa mdomoni. Sikuhema.

Nikaweka arobaini. Bi Pasi akatupa karata, akisema pasi yake imeshika moto na ni dhambi kuiacha bure. Kaka Kimya akatupa. Shemeji akafuata upesi mno. Nikajua ana malkia mmoja, na malkia watatu humpa mtu kichwa kikubwa. Huyo ndiye kuku wangu.

Awamu ya pili nikaweka mia na ishirini. Hapo nilikuwa nimekopa tena makotini, wazi wazi, kwa sababu kitita kikubwa hakijengwi kwa mkono mfupi. Shemeji aliona nikikata, akauliza je hivyo si vya bendi. Nikatoa pini nimjibu vizuri. Nilisema kifungo kikishagusa meza ni cha mezani, na cha mezani ni cha mshindi, awe nani na kiwe kimetoka wapi. Nikawataka wote watatu waseme kwamba wamekubali. Shemeji akakubali. Bi Pasi, kutoka kwenye pasi, akakubali. Kaka Kimya akasema, "Haya."

Shemeji akafuata kwa vyote alivyobakiwa navyo. Kitita, mia tatu na sitini.

Awamu ya tatu, kadiri ya mbinu, nikaweka mia tatu na sitini.

Hapa ndipo penye fundisho kwa yeyote atakayetaka kujifunza. Shemeji akatazama mbele yake. Hakuna kitu. Akakusanya karata zake azitupe. Niliona kitita kinakufa mikononi mwangu. Huwezi kukamua ng'ombe uliyemnyima majani, binamu alisema hivyo, au kitu cha namna hiyo. Nikamwambia Shemeji kwamba makoti yananing'inia pale na haki ni moja kwa wote. Alisita. Nikaenda kumletea mkasi mwenyewe, nikampa upande wa mpini.

Akakata vya kutosha kufuata. Kisha nadhani akaupenda mchezo, kwa sababu akapandisha. Nikakata, nikafuata, nikapandisha. Akakata. Tukawa tumesimama pande mbili za kamba ya makoti kama watu wanaochuma kahawa. Kila koti lililobaki tupu, Bi Pasi alilitoa na kulipeleka mezani kwake, akalipitishia pasi, akalirudisha. Hatukumuuliza. Tulikuwa na kazi.

Vilipokwisha, vilikwisha. Koti la mwisho nilimaliza mimi. Tukafunua.

Malkia watatu wa Shemeji. Nyumba yangu.

Vifungo vyote vya shaba, mia moja tisini na viwili, na vya shati juu yake. Shemeji alidai shaba isihesabiwe, kwa kuwa hivyo ni vya watu. Nilibishana naye kwa muda mrefu, kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Mwisho Kaka Kimya akaamua. "Vyake," alisema. Nikavitia vyote kwenye aproni, nikaifunga kiunoni.

Madamu akarudi saa kumi kasorobo.

Aliona makoti ishirini na manne, yamenyooshwa vizuri sana, yakiwa wazi kifuani kama walevi. Akauliza vifungo viko wapi. Wenzangu wakanitazama. Nilipogeuka, aproni ikalia.

Akauliza ni vya nani. Shemeji akasema ni vya fundi wa kumalizia, amevishinda kihalali na amelieleza suala hilo kwa kirefu. Bi Pasi akasema ndivyo. Kaka Kimya akasema, "Vyake," akiwa sasa amelitumia neno hilo mara mbili kwa siku moja.

Madamu hakupandisha sauti. Alimuuliza Bi Pasi kazi yake ya kesho ni nini. Bi Pasi akasema kesho alikuwa apige pasi makoti, lakini kwa kuwa hayakuwa na vifungo amemaliza leo. Akamuuliza Shemeji. Hakuna cha kukata mpaka oda nyingine. Akamuuliza Kaka Kimya, akaoneshwa suruali zilizokunjwa. Basi, akasema, asiye na kifungo hana kazi, kesho mpumzike nyote watatu. Na wewe fundi, mtu mwenye mali nyingi hivyo hawezi kukosa la kufanya nayo.

Nilimweleza kwamba masharti yalikuwa mwenye vingi ndiye anayepumzika. Akasema hayo masharti ndiyo kwanza anayasikia. Akaongeza kwamba makoti hayatoki humu, karakana inafungwa saa kumi na mbili, na inafunguliwa saa moja asubuhi. Akaenda kuweka risiti zake za benki.

Kifungo kimoja cha shaba, kwa uzi wa mara mbili na shingo yake, ni dakika nne. Mia tisini na viwili ni karibu saa kumi na tatu.

Saa kumi na nusu Bi Pasi akavuta kiti. Alisema tukikaa wanne na sindano nne sasa hivi, na asubuhi tukaja kidogo, saa nne nitakuwa saluni na kucha safi. Shemeji alikuwa ameshaanza kutunga uzi. Wote walikuwa tayari. Walichotaka ni niseme neno moja.

Nikafikiri. Wakinisaidia kushona, kesho kutwa watasema ushindi ulikuwa wa wote. Historia huandikwa hivyo. Nikawaambia ahsanteni, mshindi hasaidiwi.

Bi Pasi akarudisha kiti. Alisema sikio la kufa halisikii dawa, akachukua mkoba wake.

Mke wangu nimemtumia ujumbe kwamba kesho nitachelewa kidogo. Alijibu, "Kidogo ni saa ngapi?" Bado naliandaa jibu.

Jumamosi, 14 Juni

Kioo kimetundikwa saa tatu na nusu asubuhi na Shemeji, ambaye alikuja na drili yake mwenyewe. Taarifa ni ya mke wangu, kwa simu. Nilikuwa kwenye koti la tisa.

Habari nyingine zilinifikia kwa vipande, kadiri watu walivyonikumbuka. Mlango ulifunguliwa saa nne kamili. Mteja wa kwanza alikuwa Bi Pasi, aliyekaa kwenye kiti kipya na kuinua miguu juu ya kingine. Mama mkwe aliuliza nilipo. Shemeji alimwambia niko kazini nahesabu ushindi wangu. Mama mkwe alitaka kujua kama ushindi huo unalipa kodi ya chumba.

Inasemekana pia kwamba Kaka Kimya alitoa hotuba. Vyanzo viwili vimelithibitisha hilo, bila kuafikiana urefu. Mmoja anasema dakika tano. Mwingine anasema alilia kidogo alipofika kwenye neno bidii. Nimefanya kazi naye miaka sita na sikuwepo.

Nilimaliza koti la mwisho saa kumi na moja jioni. Vidole viwili vimevimba. Madamu alipita, akavuta vifungo kumi hapa na pale kwa nguvu, hakuna kilicholegea. Akasema kazi nzuri. Akabandika tangazo mlangoni: ni marufuku kuchezea karata vifungo vya aina yoyote, vya mteja au vya akiba. Akanitaka nilisome kwa sauti. Nikalisoma.

Nilifika saluni watu wameshaondoka. Mke wangu alikuwa anafagia nywele. Kioo kimekaa sawasawa, nilikipima kwa jicho mara mbili nikitafuta upande ulioinama. Haupo.

Nilianza kueleza. Nilianzia kwenye ree mbili. Alinisikiliza mpaka awamu ya pili, kisha akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema chakula kimekwisha.

Baadaye, akiwa anafunga mlango, alisema maneno haya ambayo nayanukuu kamili: "Ungeniambia Alhamisi. Nilikuuliza Alhamisi." Na tulipofika kona akasema sasa akiwa na jambo atamwomba kaka yake kwanza, kwa sababu haichoshi sana.

Tulitembea. Yeye alibeba funguo mpya, mimi nilibeba ufagio.

Jumapili, 15 Juni

Mke wangu amesema asubuhi kwamba saluni inahitaji rafu ya mafuta na vitana, na kwamba inatakiwa Jumamosi ijayo kabla ya saa nne. Alinitazama alipokuwa akisema. Shemeji alikuwepo, anakunywa chai yetu, na akasema kama ni drili iko mlangoni. Mke wangu akamwambia anyamaze. Akasema ananipa mimi. Mara moja tu.

Nikamwambia ahesabu rafu imekwisha. Neno kimsingi sikulitumia safari hii.

Nimetumia siku nzima kuchambua yaliyotokea, bila upendeleo. Nimempigia na binamu. Tumekubaliana kwamba mbinu haina doa: kitita kilijengwa, kikakua mara tatu kila awamu, na kikachukuliwa na mwenye haki. Hakuna mchezaji aliyejenga kikubwa zaidi katika historia ya meza ile. Kosa lilikuwa la kiufundi. Vifungo vya shaba ni kitu kinachorudishwa kwa mkono, dakika nne kimoja. Mtu makini angechagua kitu kinachorudishwa kwa mashine.

Madamu amepiga simu saa nane kutoa ratiba ya wiki. Bendi inachukua makoti kesho saa tatu. Baada ya hapo tunaanza kurekebisha suruali sitini za kampuni ya walinzi, zinachukuliwa Jumatatu inayofuata. Jumamosi atapumzika mmoja tu.

Bi Pasi amemtuma Shemeji aniambie kwamba wenzangu wameshakaa, wamekubaliana Jumamosi hiyo niichukue mimi, na hakuna haja ya mchezo wowote. Kinachotakiwa ni niwaambie kesho asubuhi kwamba naihitaji. Nimemwambia Shemeji awashukuru sana. Lakini Jumamosi ya kupewa si sawa na Jumamosi ya kushinda, na mke wangu anastahili iliyo bora.

Nimelisoma tena tangazo la Madamu, nililolinakili. Linataja vifungo tu. Halisemi neno lolote juu ya zipu. Suruali sitini zina zipu sitini, za urefu wa aina tatu, kwa hiyo hata thamani imeshajipanga yenyewe.

Tunakutana kesho saa saba na robo, meza ya kukatia. Nimemwomba Shemeji aje na mkasi ule mdogo wenye ncha, kwa sababu zipu haikatwi, hufumuliwa.